Hatima ya Mabehewa ya Dola

Mabibi na mabwana, wahandisi, mafundi wa karakana, wahifadhi wa makumbusho, na ninyi nyote mliokuja kwa kuipenda reli, karibuni.

Mada yetu leo ni mabehewa yaliyojengwa kuwabeba wafalme, marais, magavana na wakaguzi wa serikali. Yakitajwa, watu hukumbuka mbao za mahogani, mazulia na vyombo vya fedha. Naomba leo tuyatazame kwanza chini kwenye magurudumu, kisha juu kwenye paa, maana huko ndiko hatima yake huamuliwa. Behewa la dola likishastaafu, uhai wake hutegemea mambo matatu: nani anashika hati ya umiliki, kama limewekwa chini ya banda, na kama breki, ekseli (vyuma vinavyounganisha magurudumu) na umeme wake bado vinaruhusiwa kupita njiani. Jina la mkubwa aliyelipanda huja nyuma kabisa ya hayo.

Tuanze na wazee wa ukoo huu. Uingereza, mwaka 1842, London and Birmingham Railway iliagiza behewa la Malkia Adelaide, mjane wa Mfalme William IV. Mafundi wake walikuwa wajenzi wa magari ya farasi, ndiyo maana bodi yake, yaani sehemu ya juu wanamokaa watu, inafanana na magari matatu ya farasi yaliyounganishwa juu ya fremu moja. Kitanda kilipatikana kwa kuweka ubao na mto kati ya viti, na kwa kuwa nafasi haikutosha, kisanduku kilitokezwa nyuma ili miguu ipate pa kunyooka. Behewa hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya taifa ya reli ya Uingereza. Mwaka huohuo, tarehe 13 Juni, Malkia Victoria alisafiri kwa treni kwa mara ya kwanza, kutoka Slough hadi Paddington.

Mwaka 1869 Victoria alijengewa mabehewa mawili mafupi yaliyounganishwa kwa njia ya kupitia yenye kuta za kukunjana. Mwenyewe hakupenda kuvuka njia ile treni ikiwa mwendoni; ilibidi isimame kwanza. Mwaka 1895 bodi zote mbili ziliunganishwa kuwa moja juu ya fremu mpya yenye magurudumu kumi na mawili. Linganisha na utaratibu wetu wa sasa: bodi ilithaminiwa kuliko fremu, na mafundi walikubali kubadilisha chini yote ili juu pabaki kama palivyokuwa. Kwa mhifadhi wa leo hilo lina maana kubwa. Ukiambiwa behewa ni la mwaka fulani, uliza: bodi au fremu?

Papa Pius IX naye, akiwa bado mtawala wa dola yenye ardhi na jeshi, alipata treni yake iliyojengwa Ufaransa mwaka 1858: behewa la kiti cha enzi, behewa la kanisa, na behewa lenye baraza la wazi la kutolea baraka. Dola yenyewe ilipotea mwaka 1870, mabehewa yakabaki. Leo yako ndani ya jumba la Centrale Montemartini huko Roma, mtambo wa zamani wa umeme uliofanywa makumbusho. Yamekaa ndani, pakavu. Tutalirudia neno hilo.

Sasa tazameni kilicholipata behewa la Abraham Lincoln. Lilijengwa katika karakana ya reli ya kijeshi huko Alexandria, Virginia, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, likapewa magurudumu kumi na sita ili liende kwa utulivu kwenye njia mbovu za wakati ule. Lincoln hakulipanda hata mara moja akiwa hai. Aprili 1865 lilibeba jeneza lake kutoka Washington hadi Springfield, Illinois, safari ya karibu maili 1,700, na mamilioni ya watu walijipanga kando ya reli kuliona. Mwaka uliofuata serikali ililiuza, nayo Union Pacific ikalinunua. Baada ya hapo lilishushwa daraja hatua kwa hatua, likabadili mikono, vitu vyake vya thamani vikang'olewa. Hatimaye mfanyabiashara Thomas Lowry wa Minneapolis alilinunua kwa nia ya kulihifadhi. Lowry alifariki mwaka 1909 kabla kazi haijafanyika. Machi 1911 moto wa nyasi ulilifikia nje ya mji huo likateketea. Hapakuwa na banda, eneo la kuzunguka halikufyekwa, wala hapakuwa na taasisi yenye wajibu wa kulilinda baada ya mwenye nia njema kuondoka duniani. Behewa maarufu kuliko yote nchini mwake liliteketezwa na nyasi kavu.

Kuna kundi la pili ambalo husahaulika: mabehewa ya ukaguzi. Haya hayana enzi. Yana chumba cha kulala, meza ya kazi, jiko dogo, choo, na dirisha pana la nyuma la kutazamia njia. Wengi wenu mnalijua behewa la ukaguzi namba 12 la Reli ya Uganda. Usiku wa Juni 1900 lilikuwa limeegeshwa kwenye njia ya pembeni huko Kima, katika Kenya ya leo, ndani yake Charles Ryall, ofisa wa polisi, na wenzake wawili wakimvizia simba aliyekuwa akiwaua wafanyakazi wa reli. Simba aliingia kwa mlango wa kuteleza, mlango ukajifunga nyuma yake, akamuua Ryall na kutoka naye dirishani. Behewa hilo lipo katika makumbusho ya reli Nairobi. Mtu wa ufundi akilisimamia atazame pia jinsi lilivyokaa: njia ya pembeni ile haikuwa imenyooka, behewa liliinama upande, na mlango wa kuteleza usio na kizuizi hufuata mwinamo. Ndiyo maana mlango wa aina hiyo hutakiwa uwe na komeo la kuushika ukiwa wazi na ukiwa umefungwa.

Nitakaa zaidi kwa Ferdinand Magellan, behewa la marais wa Marekani, kwa sababu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi uhusiano kati ya ulinzi, uzito na hatima.

Kampuni ya Pullman ililijenga mwaka 1929, moja kati ya mabehewa sita yaliyopewa majina ya wavumbuzi na wasafiri. Jingine liliitwa David Livingstone. Hadi wakati huo marais wa Marekani walikodi behewa lililopatikana. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza ilionekana Franklin Roosevelt hawezi kuendelea kusafiri hivyo. Mwaka 1942 Magellan lilivuliwa likajengwa upya. Bamba la chuma cha nikeli lenye unene wa inchi 5/8, yaani karibu milimita 16, liliwekwa ubavuni, sakafuni, darini na kwenye ncha zote mbili. Madirisha yalipewa vioo vya tabaka kumi na mbili vyenye unene wa inchi 3. Vyumba vya kulala vilipunguzwa kutoka vitano hadi vinne ili sebule na chumba cha kulia vipanuke. Milango miwili ya dharura ya kutorokea iliwekwa, mmoja darini sebuleni, mwingine kwenye ukuta wa bafu la rais. Ubaridi ulitokana na barafu iliyopakiwa chini ya sakafu, hewa ikipulizwa juu yake.

Uzito ulipanda kutoka takriban pauni 160,000 hadi 285,000. Kwa vipimo vyetu ni kutoka tani 72 na ushei hadi tani 129. Gawanyeni kwa ekseli sita: tani 21 na nusu kwa kila ekseli. Njia kuu za Marekani ziliubeba uzito huo bila shida, lakini njia nyepesi zilizojengwa kwa tani 12 au 15 kwa ekseli haziwezi. Mnaliona tatizo. Kila kilo ya kinga unayoongeza hupunguza idadi ya njia na madaraja ambako behewa linaweza kupita, sasa na baada ya kustaafu. Springi zinazobeba bamba zikichoka hazipatikani dukani, kwa sababu zilikuwa za behewa hilo peke yake.

Serikali ililimiliki rasmi mwaka 1946 kwa dola 1. Mwaka huo Rais Harry Truman na Winston Churchill wa Uingereza walisafiri nalo kwenda Fulton, Missouri, ambako Churchill alitoa hotuba yake juu ya pazia la chuma, yaani mgawanyiko wa Ulaya ya Mashariki na ya Magharibi. Mwaka 1948 Truman alilifanya jukwaa la kampeni: alisimama kwenye kibaraza cha nyuma chenye vipaza sauti, akahutubia zaidi ya mara mia tatu. Picha yake akiinua gazeti lililotangaza kimakosa kwamba mpinzani wake Thomas Dewey ameshinda ilipigwa kwenye kibaraza hichohicho, St. Louis. Kisha ndege ikachukua kazi. Mwaka 1958 Magellan lilitangazwa kuwa mali isiyohitajika, na mwaka uliofuata likaenda makumbusho ya Gold Coast huko Florida. Mwaka 1984 Ronald Reagan aliliazima kwa siku moja ya kampeni Ohio, maili 120. Mwaka 1985 likaorodheshwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Kimbunga Andrew kilipoyaharibu majengo ya makumbusho hayo mwaka 1992, lenyewe lilisalimika. Limeokoka kwa sababu lilipewa taasisi mara tu lilipostaafu, kabla halijapita mikononi mwa watu watatu wanne kila mmoja aking'oa kumbukumbu yake.

Sasa tuingie kazini. Behewa la namna hii linaharibikaje?

Maji ndiyo adui wa kwanza, na huanzia juu. Paa la behewa la mbao lilifunikwa kwa turubai ya pamba iliyolazwa juu ya rangi nzito yenye madini ya risasi. Turubai hiyo haipasuki katikati. Huachia kwenye mzingo wa matundu ya hewa na kwenye mfereji wa pembeni. Maji hupita humo, hushuka ndani ya ukuta, na kukusanyika kwenye boriti ya chini ambako nguzo za mbao zimechomekwa. Unaweza kuona ubao wa ndani unang'aa kwa vanishi huku mguu wa nguzo umekuwa unga. Chukua bisibisi nyembamba, ingia chini ya behewa, dunga kila mguu wa nguzo, andika namba yake na kina ulichoingia. Kazi hiyo ifanyike kabla hujafikiria rangi.

Behewa la chuma nalo huoza kutoka ndani. Kati ya bamba la nje na ukuta wa ndani pana kitambaa au sufu ya kuzuia joto, ambayo ikinyonya maji haikauki. Dalili yake ni rangi kuvimba malengelenge kwenye sentimita 20 au 30 za chini ya ubavu. Ukiona hivyo, usizibe na kupaka. Fungua ukuta kutoka ndani, toa kilicholowa, na hakikisha matundu ya kutolea maji chini hayajazibwa na rangi za miaka iliyopita. Mara nyingi yamezibwa, na hilo pekee ndilo lililoleta balaa lote. Kabla ya kufungua, pima asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Mabomba ya mvuke ya kupashia joto yalifungwa asbesto, na wakati mwingine kuta nzima zilipuliziwa. Aiondoe mwenye leseni, naye atoe cheti kinachobaki na behewa maisha yake yote.

Tafadhali msifunike behewa kwa turubai la plastiki lililobana. Unyevu wa ndani hupanda usiku, hugonga plastiki, na kurudi kama mvua. Kama banda halijapatikana, jengeni fremu nyepesi juu yake, achieni nafasi ya sentimita 15 au zaidi kati ya kifuniko na paa, na ncha zote mbili ziwe wazi ili hewa ipite. Nyasi zifyekwe pande zote.

Chini kwenye ekseli kuna jambo jingine. Mabehewa ya zamani yana beringi za shaba zinazolala juu ya shingo ya ekseli, zikilainishwa kwa mafuta yaliyonyonywa na nyuzi za sufu. Behewa likikaa miaka, mafuta hushuka, sufu hukauka, shingo hupata kutu upande mmoja. Likivutwa siku ya sherehe bila kufunguliwa, beringi huchemka, huyeyusha uso wake laini, na ekseli inaweza kukatika. Hata beringi za kisasa za vigorori haziponi: zikibeba uzito mahali pamoja kwa miaka, kila kigorori huacha alama kwenye njia yake. Sogezeni behewa mita chache kila baada ya miezi mitatu, na kila mara lisimame mahali tofauti kwenye mzunguko wa gurudumu. Kwa behewa lenye bamba, vuteni uzi kutoka ncha hadi ncha chini ya fremu mara moja kwa mwaka, mpime mshuko wa katikati, na mwandike.

Breki ndizo huamua kama litarudi njiani. Breki ya vakumu, yaani ya kufyonza hewa, hutegemea tofauti isiyofika shinikizo moja la angahewa. Breki ya hewa huendeshwa na bomba lenye takriban mara tano ya hilo. Mifumo hiyo haizungumzi. Behewa la vakumu likiungwa kwenye treni ya hewa hupitishiwa bomba tu, lenyewe likienda bila breki, na mamlaka nyingi za reli haziruhusu abiria ndani yake. Umeme ni vilevile: taa zilitegemea jenereta iliyozungushwa na ekseli kwa mkanda, na betri za volti 24 au 32. Treni ikisimama, jenereta hukoma. Betri za risasi zikiachwa zimeisha chaji kwa miezi hufa kabisa, na asidi yake hula sanduku na fremu. Zitoeni siku behewa linapostaafu. Kwenye nchi za baridi mwageni pia maji yote ya matangi na mabomba, la sivyo yataganda na kuyapasua.

Kuhusu vioo vya kuzuia risasi niseme kwa ufupi: gundi kati ya matabaka hugeuka njano na kuachia kuanzia pembeni, hasa palipo na jua. Havitengenezwi, hukingwa tu. Mapazia, ngozi na mazulia yapewe mwanga usiozidi lukisi 50 (kipimo cha mwanga), na unyevu wa hewa ukae karibu asilimia 50 bila kuyumbayumba, kwa kuwa mbao za mapambo hupasuka kwa kupanda na kushuka kwa unyevu kuliko kwa kiwango chenyewe.

Rangi ya nje huleta ugomvi. Kabla ya kukwangua lolote, chagueni sehemu tatu zilizojificha, msugue duara la sentimita tano kwa msasa wa maji hadi kwenye chuma au mbao, na mtaona pete za rangi zote tangu kiwandani. Vaeni kinga, maana zilizo chini zina sumu ya madini ya risasi. Kisha amueni mnarudi mwaka gani. Msimamo wangu ni huu: rudini kwenye hali ya mwisho ya utumishi wa dola. Magellan likirudishwa 1929 linapoteza bamba na vioo, yaani linapoteza sababu ya kuhifadhiwa.

Na kama kitu halisi hakipo, semeni hakipo. Behewa namba 2419 ambamo mapatano ya Novemba 1918 ya kusitisha Vita vya Kwanza vya Dunia yalitiwa saini, na ambamo Hitler alilazimisha Ufaransa kutia saini Juni 1940, lilipelekwa Ujerumani na kuharibiwa mwaka 1945. Lililoko Compiègne, Ufaransa, mahali pa saini hizo, leo ni ndugu yake wa toleo lilelile, namba 2439, lililowekwa mwaka 1950. Ni suluhisho la heshima, mradi mgeni aambiwe mlangoni.

Yapo yaliyoendelea kutembea. Treni ya kifalme ya Romania iliyojengwa na kiwanda cha Ernesto Breda cha Milan miaka ya 1920 ilibeba jeneza la Mfalme Mihai hadi Curtea de Argeș Desemba 2017. Treni ya Buluu ya Josip Broz Tito, kiongozi wa Yugoslavia, iliyomleta Belgrade kwa maziko mwaka 1980, huhifadhiwa Topčider, mjini humo, na baadhi ya mabehewa yake hukodishwa kwa safari. Wajapani wamekwenda mbali zaidi: treni ya E655 ya mwaka 2007 ina mabehewa matano yanayokodiwa na vikundi vya kawaida, na behewa maalumu la mfalme huchomekwa katikati anaposafiri. Hivyo magurudumu, breki na mafundi havikai bure kwa mwaka mzima, na hilo ndilo jibu bora la kiufundi nililoliona kwa tatizo la behewa linalotumika mara mbili tu kwa mwaka.

Na msidhani kazi yenyewe imekwisha. Tangu 2022 viongozi wa dunia wameingia Kyiv kwa treni ya usiku kutoka mpaka wa Poland, kwa sababu anga imefungwa. Joe Biden alifanya hivyo Februari 2023, safari ya takriban saa kumi.

Uingereza ilitangaza Juni 2025 kwamba treni ya kifalme, mabehewa tisa yanayotunzwa Wolverton, itaondolewa kazini kufikia 2027. Huu ndio wakati unaotakiwa, wakati mabehewa bado yana mafundi wanaoyajua. Popote behewa la dola linapokaribia kustaafu, hati ya makabidhiano iandaliwe kabla ya safari ya mwisho, nayo itaje kwa maandishi: bodi na bogi (fremu ndogo zenye magurudumu chini yake) ni za nani, kwa maana mara nyingi shirika hutoa bodi na baadaye hurudi kudai bogi; samani, vyombo, funguo na simu, kimoja kimoja kwa namba, maana ndivyo hutoweka wiki ya kwanza; michoro ya karakana na daftari la matengenezo; cheti cha asbesto; uzito kwa kila ekseli na sehemu nne zinazoruhusiwa kuwekewa jeki; na taasisi gani italipokea kama ya kwanza itafungwa. Hati hiyo itiwe saini na mkuu wa karakana pamoja na mkuu wa makumbusho, na nakala moja iwekwe ndani ya behewa, kwenye bahasha isiyopitisha maji, nyuma ya kibao cha namba yake.